Dereva Aliyetaka Kuondoka Bila Kuaga

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Ibtisam alikuwa na kazi moja ya maana: kuondoa mawe.

Lori aliloliendesha baba yake lililala nje ya nyumba yao, kwenye mteremko mdogo karibu na bandari ya Kismayu. Breki yake ya mkono ilikuwa ya kutegemea dua, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yalizuiwa kwa mawe makubwa. Baba yake, Yusuf, alikaa ndani, akakanyaga breki ya mguu, akawasha injini. Lori likakohoa, likatoa moshi, likatikisika kama mbuzi aliyeloa. Ndipo Ibtisam akachomoa mawe na kuruka pembeni.

"Umejitoa?" baba aliuliza.

"Nimejitoa, baba!"

"Vidole vyote unavyo?"

"Vyote!"

"Basi soma kwa bidii, uvipe kazi."

Usoni mwa lori hilo paliandikwa kwa rangi nyekundu: HARAKA YA NINI. Watoto wa mtaa walisema jina hilo halikuwa swali bali kisingizio, maana lori lenyewe haraka halikuijua. Mwenye lori alikuwa Mama Zakia, mfanyabiashara wa barafu. Alfajiri Yusuf alipakia mapande ya barafu kiwandani, akayafunika kwa magunia na turubai, akayapeleka pwani. Huko wavuvi wa visiwa vya Ngumi na Darakasi walikuwa wakimngojea na samaki wao. Kwa jua la Kismayu, samaki asiyepata barafu asubuhi, adhuhuri hana mnunuzi ila paka.

Ibtisam alikuwa msichana mwenye haya. Mwalimu akimwuliza swali, alilijibu kwa sauti ambayo hata dawati lake halikuisikia. Lakini jioni alikuwa mtu mwingine. Jioni wasichana wa mtaa walikusanyika uani kwa Mama Zakia kujifunza vugo, ngoma ya wanawake inayopigwa arusini. Wengine waliimba na kupiga makofi, na Ibtisam alipiga pembe ya ng'ombe kwa kijiti. Ko-ko, ko! Ko-ko, ko! Pembe ile ndiyo iliyoshika mwendo wa ngoma yote. Kiongozi wa waimbaji alikuwa Sabah, binti wa Mama Zakia, rafiki yake wa dawati moja.

"Wewe huna haja ya kusema," Sabah alimtania. "Pembe yako yasema kuliko sote."

Siku moja baada ya alasiri, Ibtisam alikuwa akifua soksi zake uani aliposikia baba yake akicheka sebuleni, kicheko cha mtu aliyeokota kitu.

"Hussein amenikubali!" baba alimwambia mama. "Lori jipya la kubeba mchanga wa ujenzi. Lina kiyoyozi, mke wangu! Dirisha lapanda kwa kubonyeza kidole!"

"Mashallah! Na lile la Mama Zakia dirisha lake hupanda kwa nini?"

"Kwa ngumi."

Walicheka wote wawili. Kisha mama akauliza, "Yeye Mama Zakia amesemaje?"

Baba akapangusa ufunguo kwa ncha ya shati.

"Yusuf, hujamwambia?"

"Hussein anataka nianze Jumamosi. Ijumaa nikimaliza kazi, nitaacha ufunguo chini ya kiti cha gari. Asubuhi atauona."

"Waondoka na viatu mkononi!"

Huo ulikuwa msemo wa madereva wa bandari. Dereva aliyeacha kazi bila kusema, walisema ameondoka na viatu mkononi, kama mtu anayenyata ili mwenye nyumba asisikie hatua zake. Wengi waliondoka hivyo, wala hawakuona haya.

"Wamkumbuka Jaafar?" baba alisema. "Jaafar aliendesha lori hili kabla yangu. Akafanya adabu, akamwambia Mama Zakia kwamba mwisho wa mwezi ataondoka. Mama Zakia alifanya nini? Alimnyang'anya ufunguo palepale pwani, mbele ya wavuvi wote. Alisema aliyekwisha kuondoka moyoni asikae kwenye kiti chake. Maskini Jaafar akarudi nyumbani kwa miguu, hana kazi ya zamani, hana mpya. Nami nina watoto, sitaki yanipate hayo."

"Lakini Jumamosi ni bamvua," mama alisema. "Maji yatajaa sana, na mashua zote za Ngumi zitaingia pamoja. Nani atawapelekea barafu?"

"Madereva wamejaa mjini."

"Wamejaa, ndiyo. Ila atawatafuta saa ngapi, hali ataujua msiba wakati wa kupakia?"

Baba aliinuka. Alipogeuka alimwona Ibtisam mlangoni, soksi mkononi zikidondosha maji.

"Ibti, haya ni maneno ya ndani. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Alisikia, tena alisikia zaidi ya vile baba alivyotaka. Maana yeye pia alikuwa na siri yake. Fardowsa, msichana wa mtaa wa pili, alikuwa na kundi lake la vugo. Lilikuwa na kipaza sauti, na kila msichana alishonewa dira, lile gauni pana jepesi, nyekundu yenye kumetameta. Fardowsa alimwomba Ibtisam aje kuwapigia pembe. Ibtisam aliipenda ile dira mpaka akaiota, lakini alishindwa kumwambia Sabah. Kila alipofungua mdomo, haya ilimfumba.

Sasa alijiambia, "Kumbe si lazima kusema. Baba ni mtu mzima, naye ataondoka hivyo."

Kesho yake jioni hakwenda kwa Mama Zakia. Alikwenda kwa Fardowsa, akavaa dira nyekundu, akapiga pembe mbele ya kipaza sauti. Lo! Mlio ulivuma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Ibtisam alicheka mpaka machozi. Kuondoka ni rahisi hivi!

Siku ya pili, alipokuwa akirudi nyumbani na dira yake mwilini, alipita nyuma ya ua wa Mama Zakia. Akasikia vugo, lakini haikuwa vugo. Makofi yalikwenda huku, sauti zikaenda kule. Kila msichana aliwangoja wenzake, na wenzake walimngoja yeye. Wimbo ukaanguka katikati, ukainuliwa, ukaanguka tena. Msichana mdogo kabisa wa kundi akasema kwa sauti ya kulia, "Tumngoje Ibtisam. Labda leo atakuja."

Ibtisam akaharakisha hatua. Alipokata kona, akakutana ana kwa ana na Sabah, amebeba sahani iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Ibti! Ndiyo nakuja kwenu. Nilidhani waumwa, nimekuletea mkate wa sinia—"

Sabah akanyamaza. Macho yake yaliitazama dira nyekundu, toka shingoni mpaka chini.

"Kumbe huumwi," alisema.

"Sabah, mimi... nilitaka..."

"Ungeniambia tu. Ningekasirika, ndiyo. Ningenuna mpaka kesho. Kesho kutwa ningempa pembe mwingine, ukamfundisha. Lakini tumekungoja jana, tumekungoja leo. Mimi nikakuombea dua upone!"

Akamtia sahani mikononi. "Chukua. Mkate umepikwa, siwezi kuurudisha kwenye moto." Akaondoka.

Ibtisam alifika nyumbani akilia juu ya mkate wa sinia. Baba yake alikuwa amekaa barazani akinywa chai. Aliweka kikombe chini.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna."

"Basi ni nani amekufa?"

"Hakuna. Nimeliacha kundi la Sabah. Sikumwambia. Niliondoka na viatu mkononi."

"Ibtisam!" baba alisema kwa ukali. "Rafiki yako? Jirani yetu? Na tabia hiyo umejifunza wapi?"

Ibtisam alitazama chini. Alijua jibu, lakini jibu lenyewe lilikuwa zito. Mwisho akasema polepole, "Nilisikia utaondoka hivyo Ijumaa, baba. Nikadhani ndivyo watu wazima wafanyavyo."

Ndani ya nyumba, mama alianza kukohoa kikohozi kisicho na mafua.

Yusuf aliinama. Aliimwaga chini chai iliyobaki. Kisha akainuka, akachukua ufunguo wa lori msumarini.

"Vaa viatu vyako, Ibti. Twende."

"Wapi, baba?"

"Kwa Mama Zakia. Wewe una lako, na mimi nina langu. Na hiyo sahani ibebe, watu hawarudishi sahani tupu. Mama Ibti! Tia maembe humo!"

Mama Zakia walimkuta uani, ameketi kwenye kiti cha chini akichagua mchele. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko kikubwa na hasira kubwa zaidi. Waliitikiwa hodi, wakakaribishwa mkekani.

"Karibu, dereva wangu! Lori limevunjika nini leo?"

"Lori ni zima, Mama Zakia. Mimi nimekuja kukuaga."

"Waenda Ngumi kutembea? Nenda, lakini Jumamosi uwe hapa. Ni bamvua."

"Naacha kazi, Mama Zakia. Nimepata nyingine, kwa Hussein wa mchanga. Anataka nianze Jumamosi, lakini nimeona nikuambie kwanza tushauriane. Nitamwomba aningoje wiki mbili, nawe upate kutafuta dereva."

Ungo wa mchele ulisimama hewani. Mama Zakia aliuweka chini taratibu, akapangusa mikono, akanyoosha mmoja mbele.

"Ufunguo," alisema.

"Mama Zakia—"

"Yusuf, nimesema ufunguo! Aliyekwisha kuondoka moyoni asikae kwenye kiti changu!"

Yusuf alimpa ufunguo. Uso wake ulikuwa umesawajika. Kazi ya zamani imekwenda. Na hiyo mpya, akimwomba Hussein angoje, huenda nayo ikaenda. Au akimbilie kwake Jumamosi, na mashua za Ngumi zikose barafu? Alianza kuinuka.

"Ndiyo maana wote wanakukimbia!" sauti ilisema.

Mama Zakia akageuka kulia, akageuka kushoto. "Nani amesema?"

"Mimi," Ibtisam alisema. Ulimi wake ulikwisha kutoka nyumbani. "Shikamoo, Mama Zakia. Naomba radhi. Baba angeweza kuondoka kimya, nawe ungejua Jumamosi alfajiri. Amekuja kukuambia kweli, nawe wamfukuza kwa kweli hiyo. Dereva atakayekuja baada yake hatakuambia. Atakimbia tu. Mimi pia nilimkimbia Sabah, na nimeona leo nilivyomuumiza."

 Hata mbuzi aliyekuwa akitafuna kadibodi alisita. Mlangoni mwa jiko Sabah alikuwa amechungulia, mwiko mkononi.

Mama Zakia alimtazama Ibtisam toka juu mpaka chini. "Sauti hii," alisema mwishowe, "ilikuwa imefichwa wapi siku zote?"

"Kwenye pembe," Sabah akajibu toka jikoni.

Mama Zakia alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kikamtoka, mabega yakacheza. Akacheka mpaka akalazimika kujipepea kwa ungo. Kisha akapumua.

"Yusuf, keti. Baada ya Jaafar, kabla yako, niliajiri madereva wawili. Wa kwanza alitoroka usiku. Wa pili aliliacha lori sokoni limejaa barafu, akaenda zake. Barafu ikayeyuka, maji yakapita chini ya meza za wauza mboga, watu wakainua nguo wakisema mvua imenyesha! Nikawalaani madereva wote wa Kismayu. Kumbe mwalimu wao ni mimi. Aliyekuja kuniaga nilimwaibisha mbele za watu, waliobaki wakaona afadhali kutoroka."

Akaushika mkono wa Yusuf, akaurudisha ufunguo kiganjani mwake.

"Kaa kwenye kiti chako mpaka siku yako ya mwisho. Sasa mpigie huyo Hussein, nisikie."

Yusuf alipiga simu na kufungulia spika. Ibtisam alishika ncha ya mtandio wake akaiuma. Baba alieleza yote: kwamba lori jipya analitaka sana, lakini hawezi kumwacha Mama Zakia wiki ya bamvua bila dereva. Alipomaliza, wote walisogea kwenye simu. Wakasikia tu mchanga ukimiminwa.

"Yusuf," Hussein alisema hatimaye kwa lafudhi yake ya Kibajuni, "wajua kwa nini lori langu jipya halina dereva?"

"Sijui, bosi."

"Aliyekuwepo aliliegesha njia ya Afmadow, akapanda gari la watu, akaenda zake! Simu hapokei mpaka leo. Nililikuta punda wamelala kivulini mwake. Sasa wewe waniambia unataka kumaliza kazi ya watu kwanza? Waryaa, mchu kama wewe nitamngoja hata wiki tatu! Ila siku utakaponichoka, nami niambie mapema hivyohivyo."

"Inshallah, bosi!"

Mama Zakia alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Walidhani kuna posa.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Dereva mpya alitakiwa, na Mama Zakia alijua wa kumtafuta, ingawa ilibidi ameze kiburi chake. Asubuhi yake alimwita Jaafar, ambaye siku hizo aliendesha bajaji. Jaafar alikuja, akabaki amekaa ndani ya bajaji yake, injini ikinguruma, tayari kukimbia.

"Mzime huyo nyuki wako, mwanangu," Mama Zakia alisema. "Nilikukosea. Ulifanya adabu, nami nikakulipa aibu. Naomba unisamehe, hapahapa mbele za watu, maana mbele za watu ndipo nilipokukosea."

Jaafar alizima injini. "Mama Zakia, mimi ni mchu mzima, lakini siku ile nililia njia nzima."

"Nasikia. Na leo?"

Jaafar alilitazama HARAKA YA NINI kando ya njia, kuukuu, limejaa kutu, moshi ukilitoka. Tabasamu likamjia polepole. "Bado dirisha lake lapanda kwa ngumi?"

"Kwa ngumi," Yusuf alisema.

"Basi nitarudi. Bajaji ni nyepesi mno, najiona kama nimepanda kuku."

Jumamosi ya bamvua, maji yalijaa mpaka yakalamba ukingo wa gati. Mashua za Ngumi ziliingia moja nyuma ya nyingine, changu na nguru waking'aa ndani yake. Na barafu ilikuwa pale. Yusuf aliendesha, Jaafar amekaa kando yake akijifunza tena gia zilizogoma na zilizokubali kwa kubembelezwa. Wavuvi walipomwona Jaafar walimpigia makofi, naye akawapungia kama mgombea wa uchaguzi.

Ibtisam naye alikuwa na safari yake. Alimrudishia Fardowsa dira nyekundu, imefuliwa na kukunjwa. "Sitaendelea na kundi lako," alimwambia, macho yakiwa juu, si chini. "Samahani. Lakini ukipenda, nitakufundishia mpiga pembe mpaka ajue." Fardowsa alinuna. Kisha akaona hakuna faida ya kununa bila mpiga pembe, akasema, "Njoo kesho, basi."

Kwa Sabah alikwenda bila sahani wala zawadi. "Nilikukosea. Nilipaswa kukuambia."

"Ulipaswa," Sabah alisema, akampa pembe. "Haya, piga. Huyu tuliyemweka hupiga kama anayefukuza nzi."

Siku ya mwisho ya Yusuf, Mama Zakia alifanya jambo lisilowahi kuonekana kwa dereva yeyote wa bandari. Alipika pilau ya nguru, akaleta halua na kahawa, akatandika mikeka uani. Wavuvi walikuja, majirani walikuja, hata Hussein alilituma lori jipya limngoje mlangoni. Wasichana walipiga vugo. "Vugo ni ya arusi!" bibi mmoja alilalamika. Mama Zakia akajibu, "Na leo namwoza dereva wangu!" Ibtisam alipiga pembe kwa nguvu, na wimbo ulipofika kwenye kiitikio, aliimba pia, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni.

Walipomaliza kula, Mama Zakia aliwaita watoto karibu.

"Tangu mkiwa wadogo tumewafundisha kupiga hodi," alisema. "Twapiga hodi ili mwenye nyumba ajitayarishe kutupokea. Basi kuaga ni ndugu yake hodi. Twaaga ili tunayemwacha ajitayarishe kubaki bila sisi. Awe dereva, awe mpiga pembe, kuondoka si kosa, kila mtu ana riziki yake mbele. Kosa ni kumwacha mwenzio anakungoja. Na sisi tunaoagwa tuna wajibu wetu: tusimwadhibu mtu kwa kutuambia kweli, maana tukimwadhibu leo, kesho hatutaambiwa."

"Umesikia, Ibti?" baba aliuliza.

"Nimesikia, baba. Na wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Yusuf akainuka kuaga. Alimuaga Mama Zakia, akamuaga Jaafar, akawaaga wavuvi mmoja mmoja kwa majina yao, akawaaga wasichana, akamuaga bibi aliyelalamika, akarudi kumuaga Mama Zakia mara ya pili. Aliaga kwa muda mrefu hata simu yake ikalia. Alikuwa Hussein, akiuliza kama bado anaitaka ile kazi.